Mteja anapofika shambani kwa baiskeli: Funzo la Wachau kwa wakulima wa zabibu

KILIO cha wakulima wa zabibu wa Dodoma ni kile kile cha miaka mingi: soko. Msimu ukiwa mzuri, matunda huiva kwa wakati mmoja, wanunuzi ni wachache, na mwenye shamba hubaki kusubiri huku zabibu zikinyauka juu ya mti. Mnunuzi anayefika wakati huo ndiye anayepanga bei. Serikali imekuwa ikihimiza ujenzi wa viwanda vya kusindika, na hilo ni jambo jema. Hata hivyo, ziko nchi ambako mkulima mdogo wa zabibu hakusubiri kiwanda peke yake. Alifungua mlango wa pili wa kuuzia, na wateja wengi wanaopita mlango huo huja wamepanda baiskeli.

Msomaji asicheke. Kwa wengi hapa nchini baiskeli ni chombo cha kubebea mkaa, maziwa na madumu ya maji, na mtu akipata fedha kidogo huiacha akanunua pikipiki. Lakini katika bonde la Wachau, nchini Austria, baiskeli imekuwa sehemu ya biashara ya kilimo, na inastahili kuchunguzwa kama mbolea au dawa ya ukungu inavyochunguzwa: inagharimu nini, inaleta nini, na inafaa wapi.

Wachau ni kipande cha bonde la mto Danube kati ya miji ya Melk na Krems, urefu wa kilometa zipatazo 36, magharibi mwa Vienna. Mto wenyewe una urefu wa kilometa zipatazo 2,850 na hupita nchi 10, kuanzia Ujerumani hadi Bahari Nyeusi, kwa hiyo kipande hiki ni kidogo sana. Mashamba ya mizabibu ya Wachau nayo ni kama hekta 1,300 tu, yaani ekari 3,200 hivi. Mengi yako juu ya miteremko mikali, katika matuta yanayozuiwa na kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji. Trekta haipandi kwenye matuta hayo. Kupogoa, kufunga matawi, kuvuna na kukarabati kuta zinazobomoka baada ya mvua ni kazi za mikono, na mikono ya Ulaya ni ghali. Kwa hesabu ya kawaida ya gharama, zabibu za matuta haziwezi kushindana na za tambarare zinazovunwa kwa mashine. Mkulima wa pale akitegemea kuuza kwa kilo tu, hesabu yake haifungi.

Mwaka 2000 bonde hilo liliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, kwa sababu ya matuta hayo, vijiji vyake vya zamani na mto unaopita katikati. Sifa hiyo imesaidia, lakini biashara ya baiskeli ilikuwa imeanza kabla yake.

Chanzo chake ni cha kawaida kabisa. Zamani, kabla ya meli za mvuke, mashua zilizopanda mto zilikokotwa kwa kamba na farasi waliotembea ukingoni mwa maji. Njia za farasi hao hazikufa. Ziliendelea kutumiwa na watunzaji wa mto. Miaka ya 1980 njia hizo zilianza kuunganishwa, zikawekewa vibao, na kufanywa njia ya baiskeli kutoka Passau, mpakani mwa Ujerumani, hadi Vienna, safari ya kilometa zaidi ya 300. Leo hii ni sehemu ya njia ndefu ya baiskeli inayoanzia pwani ya Atlantiki nchini Ufaransa na kuishia Bahari Nyeusi nchini Romania. Hakuna aliyejenga barabara kuu mpya kwa ajili ya watalii. Kilichofanyika ni kuunganisha vipande vilivyokuwapo.

Hapa ndipo pana jambo ambalo wapangaji wengi wa maendeleo ya utalii hulikosa. Njia hiyo inapofika Wachau, kwa sehemu kubwa hupita katika barabara ndogo za mashambani, zile zile ambazo mkulima hupitisha trekta lake na tela la zabibu. Lami yake ni nyembamba, magari ya kupita hayaruhusiwi, na wenye mashamba wanaitumia kwa kazi zao kila siku. Kwa hiyo fedha ya umma inayowekwa kwenye njia ya baiskeli ni fedha inayowekwa pia kwenye barabara ya shamba. Mkulima haoni njia hiyo kuwa ya wageni. Ikiharibika analalamika yeye kwanza, na malalamiko yake ndiyo ulinzi wake. Njia ya utalii isiyo na matumizi kwa wanakijiji huishi mpaka mradi unapomalizika, kisha huota majani.

Kutumia barabara moja kuna kero zake pia. Wakati wa mavuno, Septemba na Oktoba, tela lililojaa zabibu na kundi la waendesha baiskeli hukutana kwenye kona ya ukuta wa mawe, na mmoja lazima asimame. Kazi ya shamba haiwezi kusimama, kwa hiyo mgeni ndiye anayepaswa kujifunza kusimama.

Waendesha baiskeli wenyewe si wa aina moja, na mfanyabiashara mwerevu huwatofautisha. Wapo wa safari ndefu, wenye mifuko pande zote mbili za gurudumu, ambao huchukua wiki nzima kutoka Passau hadi Vienna na kulala kila usiku katika kijiji kingine. Wapo wa baiskeli za mbio, wenye matairi membamba, wanaokuja kwa siku moja kupanda milima ya kando kama Jauerling, wenye kimo cha meta 960. Hawa hutaka maji, kahawa na kitu cha kula upesi, halafu wanaondoka. Siku hizi wameongezeka wazee wanaotumia baiskeli za umeme, na hawa ndio wenye muda na fedha. Mwenye baiskeli ya mbio hanunui mvinyo mchana. Mwenye safari ndefu hununua jioni, akishafika anapolala. Nchini Austria hata mwendesha baiskeli ana kikomo cha ulevi kisheria, ingawa ni kikubwa kidogo kuliko cha dereva wa gari, hivyo glasi nyingi huuzwa pale penye kitanda karibu.

Ukilinganisha na watalii wa meli za mtoni, tofauti ni kubwa. Meli kubwa hutia nanga Dürnstein au Melk, abiria mamia hushuka, hutazama ngome ambako mfalme Richard wa Uingereza alifungwa mwaka 1192, hupiga picha, kisha hurudi melini kula na kulala. Chakula chao kimelipiwa tayari, kitanda chao kinaelea. Mwendesha baiskeli hana jiko wala kitanda. Kila saa chache ana njaa, ana kiu, na jioni amechoka. Kwa mwanakijiji anayeuza mkate, jibini, sharubati ya zabibu au chumba cha kulala, mtu mmoja wa namna hiyo anaweza kuwa na faida kuliko abiria wengi wa meli.

Lakini mkulima asingeweza kumuuzia mgeni huyo chochote kama sheria ingemzuia. Mwaka 1784 mfalme Joseph wa Pili alitoa amri iliyowaruhusu wakulima kuuza nyumbani kwao mvinyo waliotengeneza wenyewe. Ruhusa hiyo ipo mpaka leo, ikiwa imewekewa masharti na sheria za majimbo. Mkulima hahitaji leseni ya mgahawa. Anaruhusiwa kuuza mvinyo wa mashamba yake na vyakula baridi kama mkate, nyama zilizokaushwa na jibini. Haruhusiwi kununua mvinyo wa kiwandani na kuuuza kana kwamba ni wake. Akiwa amefungua, hutundika kishada cha matawi mlangoni, akifunga, hukiondoa. Mpita njia akiona matawi anajua pana meza.

Jambo la pili katika utaratibu huo ni zamu. Familia haifungui mwaka mzima. Hufungua wiki chache, kisha hufunga na kurudi shambani, na jirani hufungua. Kijiji hutangaza kalenda ya nani yuko wazi lini. Kwa njia hiyo mgeni hakosi mahali pa kukaa, na hakuna mkulima anayegeuka mwenye baa na kuacha mizabibu yake iliwe na magonjwa. Wafanyabiashara wadogo wengi hufungua vibanda 10 vya namna moja mahali pamoja, wote siku moja, kisha wote wanalalamika hakuna wateja. Zamu ni utaratibu rahisi sana, na haugharimu senti.

Hesabu yake ni hii. Kilo moja ya zabibu hutoa kama theluthi mbili za lita ya mvinyo. Glasi ya kawaida ya Austria ni sehemu ya nane ya lita. Kwa hiyo kilo moja ya zabibu ni glasi tano. Anayeuza zabibu mbichi anauza kilo. Anayeuza mezani kwake anauza glasi tano, mkate na kipande cha jibini juu yake. Si faida tupu, na anayesema hivyo hajawahi kuosha glasi hizo. Kuna mapipa au matangi, chachu, umeme wa kupoza, chupa, meza, choo safi, na kazi ya watu wa nyumbani ambayo mara nyingi haiandikwi kwenye daftari. Kuna miezi kadhaa ya kusubiri mvinyo uive, na fedha inayosubiri ni fedha iliyofungwa. Lakini hata baada ya kuondoa yote hayo, sehemu kubwa ya thamani inabaki kijijini badala ya kupanda lori.

Pana tatizo moja ambalo wakulima wa Wachau wanalifahamu vizuri. Mwendesha baiskeli hana buti. Hawezi kuondoka na katoni ya chupa 12. Anaonja, anasifu, anaondoka na chupa moja au asichukue kabisa. Ndiyo maana mkulima mwenye akili hampi bili tu, humpa na karatasi yenye anwani na orodha ya bei, na hukubali kutuma mzigo mpaka nyumbani kwa mteja. Wengine hurudi baadaye na gari. Glasi ya mezani hulipia gharama za siku, na biashara kubwa huja baadaye kwa posta. Anayepima faida ya njia ya baiskeli kwa mauzo ya siku ile ile atasema haina maana.

Ubora nao una historia yake chungu. Mwaka 1985 iligundulika kwamba baadhi ya wafanyabiashara wa mvinyo nchini Austria walikuwa wakichanganya kemikali iitwayo diethilini glaikoli ili mvinyo uonekane mtamu na mzito zaidi. Mauzo ya nje yaliporomoka karibu mara moja, na walioumia ni pamoja na maelfu ya wakulima waaminifu ambao hawakuwahi kuigusa kemikali hiyo. Nchi ikatunga sheria kali, na chupa za mvinyo wenye daraja la ubora zikawekewa alama ya rangi nyekundu na nyeupe za bendera ili udhibiti uonekane kwa macho. Wakulima wa Wachau walikuwa wameshaunda chama chao, Vinea Wachau, mwaka 1983, wakakubaliana mvinyo wa wanachama utoke kwa zabibu za bonde hilo tu, uvunwe kwa mkono, na uwekwe katika madaraja matatu kulingana na nguvu yake. Daraja la juu wamelipa jina la mjusi wa kijani anayeota jua kwenye kuta za mawe. Mteja hahitaji kuwa mtaalamu. Anaona mjusi, anajua anachonunua.

Si kila mkulima anayetengeneza mvinyo wake. Wapo wenye vipande vidogo mno, na hao hupeleka zabibu kwenye ushirika. Ushirika wa Domäne Wachau, wenye makao Dürnstein, unahudumia takriban theluthi moja ya mashamba yote ya bonde, na wanachama wake ni familia zipatazo 250. Baadhi ya mashamba yao ni mistari michache tu juu ya mlima. Ushirika hupokea, husindika, huuza nje, na una duka lake ambako wapita njia huonja. Kwa maneno mengine, kuuza mezani na kuuza kwa ushirika havipingani. Mkulima ana milango miwili, na mwenye milango miwili hubembelezwa zaidi kuliko mwenye mmoja.

Zabibu pia si zao pekee. Bonde hilo lina miti ya aprikoti ipatayo 100,000, na jina la aprikoti za Wachau linalindwa na sheria za Umoja wa Ulaya tangu mwaka 1996, hivyo mkulima wa mahali pengine haruhusiwi kulitumia. Julai matunda yanapoiva, meza huwekwa kando ya njia. Tunda linaloliwa papo hapo halihitaji ghala wala jokofu. Yanayobaki hugeuzwa jamu, sharubati na pombe kali. Kwa mteja asiyekunywa kileo, na hao ni wengi, vitu hivyo ndivyo biashara yenyewe.

Usafiri wa kuvuka mto umeangaliwa vilevile. Kati ya Melk na Krems hakuna daraja hata moja. Vijiji vya ng'ambo vinaunganishwa na vivuko vidogo, na viwili kati ya hivyo, cha Spitz na cha Weißenkirchen, havina injini ya kukisukuma chombo. Chombo kimefungwa kwenye waya mnene uliotandazwa juu ya mto, nahodha hukielekeza upande, na mkondo wa maji wenyewe hukisukuma hadi ng'ambo. Hubeba magari machache, wanakijiji na baiskeli. Bila vivuko hivyo upande mmoja ungepata wageni wote na wa pili ungebaki kuwatazama. Ukingo wa kusini, wenye vijiji kama Arnsdorf na Rossatz, bado hupata wachache, lakini hupata wale wanaopenda utulivu.

Yote haya yangeweza kupotea. Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 kulikuwa na mpango wa kujenga bwawa la umeme katika kipande hicho cha mto. Wenyeji walipinga, na bwawa halikujengwa. Hoja ya umeme haikuwa ya kipuuzi, kwani Danube ina mabwawa mengi nchini Austria na nchi inayategemea. Lakini katika bonde lile mto unaotiririka ndio uliokuwa mtaji.

Mto huo huo ndio adui. Agosti 2002, Juni 2013 na Septemba 2024 Danube ilifurika. Baada ya mafuriko ya 2002 vijiji kadhaa vilijengewa misingi ya kuta za kuhamishika, ambazo husimamishwa maji yanapopanda na kuondolewa yanaposhuka, ili mwonekano wa mto usizibwe. Ni ghali, na haziwezi kujengwa bila mkono wa serikali. Halafu kuna majira. Biashara ya baiskeli huanza Aprili na kufifia Oktoba. Miezi mingine vyumba ni vitupu. Umaarufu nao hupandisha bei za nyumba vijijini, na kijana anayetaka kubaki kulima hushindana na mwenye fedha wa mjini anayetaka nyumba ya mapumziko. Njia ya baiskeli haijaondoa tatizo la vijana kukimbia matuta. Imelipunguza kasi tu.

Sasa turudi Dodoma, kwa tahadhari. Dodoma haina Danube. Mito yake mingi ni ya mchanga kwa sehemu kubwa ya mwaka. Haina pia mamilioni ya watu wa Ulaya wenye likizo ndefu na barabara tulivu. Anayedhani utanakiliwa mpango mzima wa Wachau na kubandikwa Hombolo atapoteza fedha za watu.

Ina vitu vingine, hata hivyo. Zabibu zake huvunwa mara mbili kwa mwaka, karibu na Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba, jambo ambalo mkulima wa Austria hawezi hata kuliota. Kituo cha utafiti cha Makutupora kina ujuzi wa miaka mingi wa zao hili. Mavuno ya pili huangukia kiangazi, barabara za vumbi zikiwa kavu. Jiji lenyewe limekua tangu serikali ilipohamia kuanzia mwaka 2016. Lina watu zaidi ya 700,000 kwa sensa ya mwaka 2022, wakiwamo watumishi wenye mishahara na maelfu ya wanafunzi wa vyuo, ambao mwisho wa wiki hawana pengi pa kwenda. Na tangu Julai 2024 treni ya umeme inafika Dodoma kutoka Dar es Salaam kwa saa chache. Krems na Melk zinafikika kutoka Vienna kwa treni ya kama saa moja, na baiskeli hupanda treni na mwenyewe. Shirika la Reli likitenga nafasi ya baiskeli katika baadhi ya mabehewa ya Ijumaa jioni na Jumapili, vikundi vya waendesha baiskeli wa Dar es Salaam watajua cha kufanya.

Upande wa maji, bwawa la Hombolo lipo tangu miaka ya 1950, kilometa zipatazo 40 kutoka mjini, na mizabibu iko karibu. Upande wa barabara ya Iringa kuna Bihawana, ambako misheni ilipanda zabibu kabla ya uhuru, na mbele yake Mpunguzi. Njia za mashambani kati ya vijiji hivyo zipo, wakulima wanazitumia kila siku, na mwendesha baiskeli hapaswi kuwekwa kwenye barabara kuu pamoja na malori ya masafa marefu. Hilo ni suala la uhai. Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA), ulioanzishwa mwaka 2017, ndio wenye dhamana ya barabara za aina hiyo. Kipande cha kilometa 30 kikichongwa vizuri, kikawekewa makalavati yanayopitika na vibao, kitamfaa kwanza mkulima anayesomba kreti za zabibu msimu wa mvua. Mgeni atafuata.

Pangekosewa kuanza na hoteli. Pangekosewa zaidi kuanza na tamasha, lenye hema, spika na hotuba, halafu kesho yake pabaki makopo matupu. Mahitaji ya mwanzo ni madogo: kivuli, maji salama, choo kisafi, meza, na fundi mwenye viraka. Aliyewahi kusukuma baiskeli Dodoma anaijua mbigili, na fundi mwenye pampu na gundi kila baada ya kilometa chache atakuwa na kazi kuliko mwenye hoteli. Mama lishe ana ugali wa uwele, mlenda na kuku wa kienyeji. Kuna karanga, ubuyu, asali, zabibu mbichi kwenye sahani, zabibu kavu na juisi. Vyote hivi vinaweza kuuzwa kesho asubuhi bila kusubiri mvinyo.

Mvinyo ni sura nyingine, na si ya kuharakisha. Wakulima wengi wa Dodoma wanaouza kilichosindikwa huuza mchuzi wa zabibu kwa jumla, na thamani ya mwisho hupatikana kwingine. Kuna unafuu tayari, kwani ushuru wa bidhaa kwa mvinyo uliotengenezwa kwa zabibu za ndani zaidi ya asilimia 75 ni mdogo kuliko wa mvinyo kutoka nje. Lakini mkulima wa ekari moja hawezi kubeba gharama na taratibu zilizopangwa kwa kiwanda na baa. Linalofaa kujadiliwa na halmashauri, ofisi za biashara na Shirika la Viwango (TBS) ni leseni nyepesi ya msimu, ya mkulima au kikundi kuuza mvinyo wa zabibu zao tu, mahali pao tu, kwa wiki zilizotajwa, baada ya kupimwa maabara. Sharti la kupimwa lisilegezwe. Yaliyowapata Waaustria mwaka 1985 yalifanywa na wachache, na Dodoma haina jina kubwa la kuweza kumudu pigo kama hilo. Kwa kuanzia ingekuwa salama zaidi leseni ipewe ushirika wenye tangi moja, mtaalamu mmoja na daftari moja, wakati wanachama wakiendesha meza kwa zamu.

Jina nalo lingepaswa kulindwa mapema. Chupa inayoandikwa Dodoma iwe na zabibu za Dodoma, na wakulima wenyewe wawe na chombo cha kuhakikisha hivyo, kama Vinea Wachau ilivyofanya, badala ya kungoja mkaguzi kutoka wizarani. Wakulima wanaikumbuka hali ya miaka ile kampuni ya umma ya mvinyo ilipodorora na wengi wakatelekeza mashamba. Walikuwa na mnunuzi mmoja, na mnunuzi huyo alipoanguka hawakuwa na pengine pa kwenda.

Gharama ya jaribio la kwanza si ya kutisha. Ni vibao vichache vya mbao, greda kwa siku kadhaa, mikutano miwili mitatu ya vijiji kupanga zamu, na mtu wa kuhesabu wageni na kuandika walichonunua kila siku, maana bila hesabu hiyo mwaka wa pili watu watabishana kwa hisia. Vijiji viwili vinatosha. Mkupuo wa pili wa zabibu huanza kuvunwa Agosti, asubuhi za Dodoma zikiwa bado na baridi na njia zikiwa kavu, na vibao vinapaswa kuwa vimesimama mwishoni mwa Julai.